Daftari la Wiki: Nyumba ya Mtu, Ardhi ya Mwingine

Katika Majengo, Kisauni na Likoni, mitaa ya Mombasa ambako nyumba huuzwa kwa maneno kabla ya kuuzwa kwa karatasi, mnunuzi mgeni hukutana mapema na bei iliyo ndogo kiasi cha kumtia shaka, na shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa mara nyingi kinachouzwa ni nyumba bila ardhi: mpango ambao kuta, paa na milango ni mali ya mtu mmoja, ilhali kiwanja ni mali ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mwenye nyumba anaweza kuipangisha chumba kwa chumba, kuiuza na hata kuirithisha. Asichoweza ni kudai shubiri moja ya udongo ulioibeba.

Sheria za Kiingereza hushikilia kwamba kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi, na kwa hiyo waliofunzwa sheria hizo huuona mpango huu kuwa kioja. Mwambao ulikuwa na hesabu nyingine: mtu aliweza kumiliki minazi katika shamba lisilo lake, akaangua nazi zake na kuwaachia wanawe miti hiyo, wala hakuna aliyestaajabu, na nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti haikuwa mbali na mnazi kwa namna ilivyohesabiwa. Tatizo lilikomaa mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, ikamtaka kila mwenye dai alifikishe kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji, yaani mali ya serikali ya Uingereza. Wengi, hasa miongoni mwa Wamijikenda, hawakudai, na wajukuu wao leo huitwa maskwota, jina zito mno kwa watu ambao kosa lao ni babu kutokwenda ofisini.

Anayenunua nyumba ya aina hii husoma stakabadhi badala ya hati. Muuzaji makini huzitoa ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa mara nne na wino umefifia kwenye mikunjo, na kilicho muhimu humo si kiasi kilicholipwa bali jina la aliyepokea, kwani jina likibadilika ghafla huenda ardhi imeuzwa au warithi wanaivutania, na mmiliki mpya akianza kukataa kupokea kodi, mara nyingi hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kumwondoa mwenye nyumba. Benki nazo husita kukopesha kwa dhamana ya kuta zisizo na kiwanja, ndiyo maana nyumba hizi huongezwa chumba kimoja kimoja kwa fedha za mfukoni. Hata hivyo, kuuita mpango huu ulaghai ni kuuonea, maana umewapa makao mjini watu ambao bei za viwanja zingewafungia nje kabisa.

*

Swali la maji hujibiwa kwa ulimi. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, Mzima huko Tsavo, Marere katika vilima vya Shimba na Baricho kando ya mto Sabaki, na kwa kuwa hayatoshi, nyumba nyingi hutegemea kisima. Karibu na bahari, maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwa makadirio, kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na mita 40 zilizo chini yake. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, sabuni ikakataa kutoa povu na chai ikaharibika ladha. Dalali anayesema kuwa maji ya kisima ni ya kuogea tu amekwisha kujibu.

*

Nondo, yaani vyuma vinavyolazwa ndani ya zege, zikipata kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani, hasa pale fundi alipochanganya mchanga wa bahari usiooshwa. Ufa wa namna hiyo hunyooka kama uzi, ukifuata njia ya nondo, na huacha doa la hudhurungi chini ya roshani. Roshani iliyopakwa rangi mpya upande wa chini pekee haifai kupitwa haraka.

*

Nyumba iliyokaguliwa Julai, wakati wa kusi, upepo wa kusini mashariki unaoleta ubaridi, huenda isikalike Februari ikiwa haina dirisha linaloelekea kaskazi, upepo wa miezi hiyo.

*

Upande wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru ufukwe ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufukwe huo, lakini ufukwe wenyewe huhama kila siku, kwani wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kina huzidi mita 3. Wavuvi wanajua kwamba siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alasiri na hupwa karibu saa nne asubuhi, mchanga ukiwa umetandazika hadi mbali. Madalali wa viwanja vya ufukweni hupenda kuwapeleka wateja saa nne.