Grant Green angeeleweka sana Makutano

Wacha niseme hivi na mniache nimalize. Albamu kali zaidi ya mugithi niliyosikia mwaka huu haikurekodiwa Nyeri, wala Thika, wala hapa Meru. Ilirekodiwa New Jersey, Marekani, tarehe 28 Januari 1961, na jamaa watatu ambao sidhani walijua mugithi ni nini. Inaitwa Grant's First Stand. Kwa gitaa ni Grant Green, kwa ogani ni Baby Face Willette, kwa ngoma ni Ben Dixon. Basi, hakuna mwingine. Watu watatu, nyimbo 6, siku moja.

Najua kuna mtu ashaanza kuniandikia kwamba hiyo ni jazz, na jazz ni ya watu wa Nairobi wanaokunywa kwa glasi ndefu. Tulia kwanza. Hilo neno tuko nalo kitambo. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwako tangu miaka ya 1930. Kulikuwa na Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, na Morogoro Jazz iliyotupa Mbaraka Mwinshehe. Hapa Kenya, Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilikuwa inapiga benga tupu na hakuna aliyelalamika ati jina limedanganya. Kwa wazee wetu jazz ilikuwa bendi ya magitaa ya kuchezesha watu. Na mimi naona walikuwa wameshika maana ya kweli kuliko hawa wa glasi ndefu.

Kwa sababu hii jazz ya Grant Green, wanayoiita soul jazz, ilikuwa muziki wa baa. Si baa ya kifahari. Ilikuwa ya mtaa wa watu weusi, mtu ametoka kazini, amechoka, anataka chakula, kinywaji na kitu cha kutikisa kichwa. Mwenye baa hakuwa na pesa ya kulipa bendi ya watu kumi. Ogani ikaokoa. Mtu mmoja wa ogani anapiga besi, anapiga kodi na anapiga melodi, kwa hivyo mpiga besi anabaki nyumbani. Ongeza ngoma na gitaa, umepata bendi kamili na bili ndogo. Hesabu hiyo kila mwenye baa wa Embu anaielewa. Ndiyo hesabu iliyotuletea gitaa la mtu mmoja, ile tunaita wanman, ambapo msee mmoja na kinanda chake wanafanya kazi ya bendi nzima mpaka asubuhi.

Halafu kuna mambo ya kanisa. Ogani za Hammond zilipotoka miaka ya 1930, makanisa yalikuwa kati ya wateja wakubwa, na wapigaji wengi walijifunzia huko kabla ya kuingia baa. Ndiyo maana ukisikiliza Willette unasikia ibada, ile sauti inayopanda polepole mpaka mtu anataka kuinua mkono. Sasa niambie, mugithi si hiyo? Saa nne usiku ni nyimbo za mapenzi na matusi madogo madogo, saa nane msanii anatia wimbo wa kanisa kwa biti ile ile, na wale wote waliokuwa wamelegea wanasimama, wanashikana mabega, garimoshi linaanza kuzunguka meza. Nimeona watu wakilia hapo. Wengine watakwambia ni pombe. Mimi sidhani ni pombe peke yake.

Turudi kwa gitaa, maana ndilo lililonivuta. Grant Green alikuwa na miaka 25 wakati huo. Alikuwa ametoka St. Louis, na mpiga saksafoni Lou Donaldson ndiye aliyemsikia huko na kumpeleka New York kwa watu wa Blue Note. Wakamweka kazini mara moja. Tarehe 23 Januari alirekodi albamu ya Donaldson, tarehe 28 akarekodi hii yake, na tarehe 30 akarekodi ya Willette. Albamu tatu ndani ya siku nane! Mimi nikipandisha video mbili kwa wiki najiona nimefanya kazi.

Anavyopiga sasa. Wapigaji wengi wakitaka ujue wanajua, wanakujazia kodi, vidole vinne kwa mara moja. Green anapiga noti moja, halafu nyingine, halafu nyingine, kama mtu anayeongea. Kodi anaziachia ogani. Mwenyewe alikuwa anapenda sana wapigaji wa saksafoni, hasa Charlie Parker, na inasikika, maana saksafoni haiwezi kupiga noti sita pamoja, lazima isimulie. Kisha ana hii tabia ambayo wengine inawaudhi: anashika kifungu kifupi, anakirudia, anakirudia tena, tena, mpaka unaanza kujiuliza kama sidii imekwama. Halafu anaachilia. Hapo sasa ndipo mwili unaelewa alichokuwa anafanya. Wanman wa Makutano anafanya hivyo hivyo akiona wachezaji wameshika moto. Hawezi kubadilisha wimbo saa hiyo, anazungusha hapo hapo mpaka watu wapige mayowe.

Kwa mtu anayeanza, usianze na wimbo wa kwanza, Miss Ann's Tempo, kwa sababu una kasi na utakupita. Anza na 'Tain't Nobody's Bizness If I Do. Ni wimbo mzee, Bessie Smith aliurekodi mwaka 1923, na maneno yake ni ya mtu anayewaambia majirani waachane na maisha yake. Hapa hakuna maneno, gitaa tu, lakini ule ujeuri uko. Kisha nenda Baby's Minor Lope, wa Willette. Ile ya mwisho, A Wee Bit o' Green, naona imezidi kidogo kwa urefu, na nitasimama na hilo. Albamu nzima ukiibonyeza matatu ikitoka steji ya Embu itakwisha kabla hujafika Chuka, na sehemu ya Runyenjes, pale majani chai yanaanza kuonekana, inaingia vizuri ajabu.

Kuna kitu kimoja ambacho watatu hawa wanatushinda, na lazima kisemwe. Msikilize Ben Dixon kwa ngoma. Hafanyi kitu kikubwa. Lakini Green akipunguza, Dixon anapunguza. Green akibana, Dixon anambana naye. Anasikiliza. Kinanda chetu hakisikilizi. Umebonyeza biti saa tatu usiku, itakuwa hiyo hiyo saa tisa, haijui kama wimbo ni wa harusi au wa kumkumbuka mtu aliyezikwa jana. Kuna wapigaji wa Meru na Embu wenye vidole ambavyo, walahi, vingekaa vizuri kando ya ogani yoyote, lakini wamefungwa kwa mashine isiyoweza kuwajibu. Siwalaumu. Mpiga ngoma anakula, analala, anataka nauli. Mwenye baa akiambiwa watu wawili, anatafuta yule wa bei ya mmoja.

Sasa nifike pale panaponiuma. Kuna mzee alikuwa anapiga Embu tangu nikiwa primo. Jina nitaliacha, familia yake haikuniomba niliandike. Aliimba kwa lugha tatu ndani ya wimbo mmoja, Kiembu, Kikuyu na Kiswahili, na alikuwa na nyimbo zake mwenyewe, si zile za watu tu. Alipofariki, kikaundwa kikundi cha WhatsApp cha mchango kama kawaida. Kwa matanga mtu akauliza, jamani, tupigeni wimbo wake mmoja. Tukatafuta kwa simu zetu, watu zaidi ya mia. Tulichopata ni klipu tatu, kila moja haifiki dakika. Ya kwanza inaonyesha mwanamke amecheza mpaka ameanguka, watu wanacheka. Ya pili mtu anapiga kelele karibu na simu. Ya tatu ndiyo ilikuwa na gitaa, na ilikatwa pale tu mzee alipoanza kupiga. Miaka zaidi ya ishirini kila wikendi, na hatukuwa na wimbo mmoja mzima wa kumzika nao.

Klipu za namna hiyo ndiyo kazi yetu sisi watu wa kontenti, tusizungushe. Tunaenda baa kutafuta kichekesho. Gitaa linakuwa kelele za nyuma. Mwenye kupiga anaonekana bega moja kwenye kona ya skrini, na hata jina lake hatuandiki chini. Klipu inapata watazamaji, mwenye simu anapata wafuasi, mwenye vidole anarudi nyumbani na ile ile aliyoahidiwa, kama imelipwa yote.

Na Grant Green hakuwa tajiri, msije mkafikiri namsimulia malaika. Heroini ilimsumbua miaka mingi, pesa haikukaa. Mwishowe aliugua, na badala ya kupumzika akarudi barabarani kutafuta hela. Alianguka ndani ya gari New York tarehe 31 Januari 1979 akiwa na miaka 43. Mwezi ule ule, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Wapigaji gitaa wawili, mwezi mmoja. Tofauti na mzee wetu wa Embu ni kwamba hao wawili mtu aliwawekea maiki. Miaka ya 1990 kina A Tribe Called Quest wakachukua gitaa la Green wakalitia kwa hip-hop, na mimi nikalifikia kwa njia hiyo, kwa kutafuta ile sauti inatoka wapi. Na kwa mambo ya maiki hatuhitaji kwenda mbali: Fundi Konde wa Pwani alirekodi gitaa la umeme Nairobi zamani sana, kabla ya wazazi wa wengi wetu kuzaliwa, na kwa sababu rekodi zilitunzwa, zikakusanywa kwa sidii mwaka 1994. Leo ukitaka kusikia alivyokuwa anazipanga kodi zake, unasikia.

Mtu ataniambia wanman wanapiga nyimbo za wengine, za Kamaru, za Jim Reeves, za nani, kwa hivyo hakuna cha kurekodi. Jibu langu liko ndani ya hiyo hiyo albamu. Nyimbo 6: tatu ni za Green, moja ya Willette, mbili ni za watu wengine, za zamani. Lullaby of the Leaves ilikuwa na karibu miaka thelathini walipoipiga. Hakuna anayesema albamu si yake. Kupiga wimbo wa mtu mpaka ukawa na harufu yako ni kazi pia, mradi mwenye wimbo aandikwe na alipwe haki yake. Na wapigaji wetu wana nyimbo zao. Waulize tu. Wanazipiga saa kumi usiku wakati mmeshalala mezani.

Mwingine atasema nalinganisha muziki wa walevi na Blue Note. Ndiyo, nalinganisha. Wakati huo huo huko kwao kulikuwa na wajuaji waliosema soul jazz ni rahisi mno, ni ya kuuza vinywaji, haina akili. Ilikuwa inauza vinywaji kweli. Na akili ilikuwemo.

Kwa hivyo hii ndiyo mpango, na nimeshaongea na watu wawili. Jumanne, siku ambayo baa ya Makutano haina mtu, tunaenda mchana. Mpiga gitaa mmoja, kijana wa ogani anayepiga kanisani Nkubu Jumapili, na mpiga ngoma wa kweli, mtu, si kinanda. Maiki mbili za kuazima. Nyimbo 6, angalau tatu ziwe za mpigaji mwenyewe, mzima mzima, bila kukata, hata kama mmoja utafika dakika tisa. Rekodi inabaki yake, kwa maandishi, tumesaini. Mimi nitachukua video ya vidole tu. Mwenye baa amekubali kutupa ukumbi bure, ila anasema soda tununue kwake.

Kinachokosekana ni spika ya ogani na nauli ya mpiga ngoma kutoka Embu. Mwenye nayo aniandikie.