Ikizibwa Mimbari Moja, Zimezibwa Zote

Wapenda mageuzi na waumini wenzetu, leo tunaandika juu ya hotuba ambayo wengi katika makanisa yetu waliisikia, wakadhani haiwahusu.

Desemba 1991 Bunge lilikifuta kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoifanya KANU kuwa chama pekee cha halali nchini. Mwezi uliofuata, Januari 1992, Waislamu wa Mombasa waliunda Chama cha Kiislamu cha Kenya, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, IPK, wakapeleka maombi yao kwa Msajili wa Vyama kama walivyofanya wengine. Wengine walisajiliwa; wao walikataliwa. Rais Daniel arap Moi alilieleza taifa sababu, akairudia katika hotuba zake: serikali haitasajili chama kilichojengwa juu ya dini, kwa kuwa chama cha namna hiyo kitawagawa wananchi. Na kutoka majukwaa ya chama tawala ikasikika hoja ya pili, yenye sumu kali zaidi, ya kuwakumbusha Waafrika habari za biashara ya watumwa, kana kwamba waliokuwa wakipaza sauti Mwembe Tayari mwaka 1992 ndio waliowauza babu zao.

Zaidi ya miaka 30 imepita. Mzee Moi aliondoka madarakani mwaka 2002 na kufariki mwaka 2020. Hatuyafukui haya ili kumsuta marehemu. Tunayarudia kwa sababu hotuba ile haikuzikwa pamoja naye. Kila msimu wa kura hupata mdomo mwingine wa kuisema, na masikio mengine ya kuishangilia. Kwa hiyo inafaa tuzijibu hoja zake mbili, moja baada ya nyingine, kwa utulivu.

Hoja ya kwanza ni ya sheria. Je, ni jambo jema chama cha siasa kusimama juu ya dini? Sisi hatudhani hivyo. Chama kinachoomba kutawala watu wote hakina budi kuwafungulia mlango watu wote. Na ndivyo Katiba ya mwaka 2010 inavyosema katika ibara ya 91: hakuna chama kitakachoundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia wala eneo. Amri hiyo imepigiwa kura na wananchi, imeandikwa mahali pa wazi, na inamfunga Mwislamu na Mkristo kwa kamba moja.

Lakini mwaka 1992 amri kama hiyo haikuwamo katika Katiba. Kilichokuwamo ni kifungu cha 78 kilicholinda uhuru wa dhamiri, kifungu cha 80 kilicholinda uhuru wa kukutana na kuungana, na kifungu cha 82 kilichokataza ubaguzi, ukiwemo ule wa imani. Kilichotumika dhidi ya IPK ni uwezo aliokuwa nao Msajili chini ya Sheria ya Vyama, uwezo mpana ambao sote tulijua unafuata upepo wa Ikulu. Kauli ya mtu mmoja ilisimama mahali pa sheria. Hilo ndilo kosa tulilopaswa kuliona hata sisi tusiokuwa na haja ya kujiunga na IPK.

Mwenye shaka kwamba dini ilikuwa kisingizio na akitazame chama cha Safina. Kilizinduliwa mwaka 1995 na watu kama wakili Paul Muite na mwanasayansi Richard Leakey. Hakikuwa cha sheikh wala cha askofu. Nacho kikanyimwa usajili zaidi ya miaka miwili, hadi Novemba 1997, mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi mkuu, na Leakey akashutumiwa majukwaani kuwa mkoloni na mtu asiyemcha Mungu. Tafakari, ndugu msomaji. Mmoja alinyimwa haki kwa kuwa ana dini, na mwingine akasutwa kwa kuwa hana. Mizani gani hiyo? Ni mizani ya utii. Katika KANU yenyewe walikuwamo Waislamu wengi, baadhi yao wakiwa na vyeo vikubwa hapa hapa Mombasa, na Uislamu wao haukuligawa taifa hata siku moja. Na rais aliyesema dini isiingizwe katika siasa ndiye ambaye ibada yake ya kila Jumapili ilitangazwa na shirika la utangazaji la serikali katika taarifa ya habari.

Hoja ya pili ni ya historia, nayo inahitaji uangalifu, kwa sababu ndani ya uwongo wake mna ukweli.

Utumwa ulikuwako Pwani. Mashamba ya Malindi na ya Mombasa yalilimwa na watu walionunuliwa, na wamiliki wao walikuwa Waislamu. Soko la Zanzibar halikufungwa ila mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wetu haikukomeshwa ila mwaka 1907. Ng'ambo ya mkono wa bahari, Kisauni, Wamisionari wa Kanisa la Kianglikana walianzisha kijiji cha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini, na kengele yao ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni hadi leo. Mwislamu anayeificha habari hii hawatendei haki waliokufa, nasi hatumwombi Mkristo aisahau.

Lakini tuwaulize wanaohutubu: mrithi wa kosa lile ni nani? Wengi wa watumwa wenyewe walisilimu, na wajukuu wao wamo katika safu za swala Ijumaa, bega kwa bega na wajukuu wa waliowamiliki. Wakati ule ule Wakristo wa Ulaya na Marekani nao walikuwa wakiuza watu kuvuka Bahari ya Atlantiki. Na ngome ile kubwa iliyo mlangoni mwa Mji wa Kale, waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, ilipewa jina la Yesu mwenyewe na watu waliouchoma mji huu kwa moto zaidi ya mara moja. Hatujawahi kumsikia mvuvi wa Mji wa Kale akimdai Mkatoliki wa Tudor fidia ya Wareno. Anajua kwamba jirani yake hakuwako. Kinachowashinda wanasiasa kukielewa, mvuvi huyo anakielewa.

Habari ya watumwa, ikifundishwa darasani, huponya kwa kusema kweli. Ikitolewa jukwaani na mwenye polisi na magereza, dhidi ya raia wanaodai haki ya kusajiliwa, inakuwa na kazi nyingine: kuwafanya raia hao waonekane wageni katika nchi yao. Na kazi hiyo ilifanywa. Mwaka 1993 liliibuka kundi lililoitwa United Muslims of Africa, UMA, likijitangaza kuwa la Waislamu Waafrika dhidi ya wale wa IPK walioitwa Waarabu, na vijana wa pande hizo mbili wakapambana katika mitaa ya Mombasa. Sheikh Khalid Balala, msemaji mashuhuri wa IPK, mzaliwa wa Mombasa, alipokuwa Ujerumani alinyimwa pasipoti kwa madai kwamba ni raia wa Yemeni. Hakurudi nyumbani hadi mwaka 1997. Mtu akiisha kuitwa mgeni jukwaani, haichukui muda kuitwa mgeni na karani wa uhamiaji.

Mbegu ya kuwagawa watu kwa asili haikuishia kwa Waislamu. Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, kisha wakawageukia watu wa bara. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Hatusemi kwamba hotuba moja ya mwaka 1992 ndiyo iliyoyaleta yote hayo. Twasema kwamba mji uliokwisha kuzoezwa swali la nani mwenyeji na nani mgeni hauchagui ni nani atakayeulizwa baadaye. Waliokimbilia kanisani Likoni walikuwa, wengi wao, watu wetu.

Sasa tuseme na makanisa waziwazi. Maneno ya kwamba dini isiseme siasa hayakutungwa kwa ajili ya masheikh. Yalikwisha kutumika kwetu. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri tarehe 1 Januari 1990 kwamba zama za chama kimoja zinakwisha, aliambiwa arudi kwenye Biblia yake. Askofu Alexander Muge alionywa na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirejea. Tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa katika sala, na Njoya akawa miongoni mwa waliojeruhiwa. Rungu lililopaswa kukoma mlangoni mwa kanisa halikukoma. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi hatukutia maji. Tulikaa tukitazama wembe.

Yapo tuliyoyafanya vyema. Mwisho wa mwaka 1999, serikali ilipotaka kuifanya marekebisho ya Katiba kuwa kazi ya Bunge peke yake, maaskofu, masheikh na viongozi wa Wahindu walikutana katika jumba la Ufungamano, Nairobi, wakaanzisha tume ya wananchi. Pasipo mkutano ule, kazi iliyozaa Katiba ya 2010 ingekuwa na sura nyingine kabisa.

Na yapo tuliyoyaharibu. Undugu wa Ufungamano ulipasuka juu ya mahakama za kadhi. Viongozi kadhaa wa makanisa walikwenda mahakamani kuzipinga, na Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakawapa ushindi. Katika kampeni ya kura ya maoni ya Agosti 4 mwaka huo, kutoka mimbari kadhaa zetu yalisemwa maneno ambayo yangetoka kwa Rais wa mwaka 1992 tungeyalaani: kwamba Uislamu unaikalia nchi, kwamba kadhi ni mlango wa kuleta sharia juu ya kila mtu. Wananchi waliipitisha Katiba kwa kura mbili katika kila tatu. Ibara ya 170 inaziruhusu mahakama hizo kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele ya kadhi, basi. Hazimgusi Mkristo. Wala hazikuwa jambo jipya. Kulindwa kwa makadhi kulikuwa sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouingiza ukanda wa Pwani katika Kenya huru.

Wakristo wanaotishwa na neno kadhi wakumbuke jambo moja lililotokea katika kisiwa hiki. Mwaka 1844, mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa. Aya za kwanza za Biblia katika lugha hii tunayosalia zilipita katika kinywa cha kadhi. Yeye hakuogopa kwamba angepotea kwa kumsaidia mgeni kusema maneno yake vizuri.

Tunajua yaliyopita tangu hapo si mepesi. Tunajua habari ya kanisa la Jeshi la Wokovu lililochomwa Majengo mwaka 2013 baada ya sheikh kuuawa, waumini waliopigwa risasi Likoni mwaka 2014, na watu 148 wa Garissa mwaka 2015. Waliotenda hayo ni wauaji, na mahali pao ni kizimbani. Lakini ni ndani ya mwaka ule ule wa 2015, mwezi wa Desemba, karibu na Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kujitenga na wenzao Wakristo mbele ya bunduki. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alikufa kwa majeraha yake Januari 2016. Kiongozi anayeutuhumu Uislamu kwa jumla jukwaani anafanya kazi ile ile waliyoitaka wenye bunduki: kulipanga basi upande huu na upande huu.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kiongozi yeyote, wa chama tukipendacho au tusichokipenda, akisimama kusema juu ya dini ya wengine, mwulizeni ni kifungu gani cha sheria anachokisimamia. Akikosa jibu, msimpigie makofi. Pili, kamati za mageuzi za kila parokia na ushirika zisiandae mkutano juu ya haki za raia bila kuwaalika jirani zetu wa msikitini, nao wapewe nafasi ya kusema, wasiwe wa kufungua kwa dua tu. Tatu, mchungaji asimpe mwanasiasa mimbari ya Jumapili kwa maneno ambayo asingethubutu kuyasema Ijumaa mbele ya Waislamu wenyewe.

Kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kumkumbuka Askofu Hannington, lina kuba, na mgeni apitaye barabara ya Nkrumah huweza kulidhani msikiti. Walioujenga walitaka lifanane na mji lilimo. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, uko mwendo mfupi tu kutoka hapo. Jumapili hii, mkitoka ibadani, tembeeni hadi huko, msalimieni mtakayemkuta barazani, mwulizeni ya mwaka 1992. Wapo bado wanaoyakumbuka, na hawajaulizwa na watu wa kanisa.