Fumbo la Mtoto Asiyecheka

Wako walimu wanaoona kuwa hadithi ya upelelezi ni ya kupitishia wakati tu, na kwamba kicheko na huzuni havikai chungu kimoja. Maoni yangu ni kinyume chake: hadithi ya aina hiyo humfunza mwalimu kazi yake.

Chukueni Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotolewa mwaka 1960. Maiti yaonekana mzimuni, na wako walio tayari kuisingizia mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hana haraka ya kuamini. Hutazama, husikiliza, huuliza jambo dogo lililopuuzwa na wengine. Msomaji hucheka, na papo hapo hujifunza kutohukumu kabla ya ushahidi.

Lakini liko fumbo lisilo na maiti wala mwizi. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza masomo Mwisenge, Musoma, aliutafsiri mchezo wa Shakespeare akauita Mabepari wa Venisi (1969). Ni mchezo wa kuchekesha, ila mtu wa kwanza kusema ni Antonio, naye akiri kuwa ana huzuni asiyojua chanzo chake. Rafiki zake wageuka wapelelezi: labda ni hofu ya merikebu zake zilizo baharini, labda ni mapenzi. Yote mawili ayakana.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika kijiji kimoja cha Bunda, nilimpata Antonio wangu. Alikuwa mvulana wa darasa la tano, mnyamavu, asiyemaliza zoezi lolote. Niliandika daftarini: mvivu. Nilimwadhibu mara mbili. Bibi yake alipofika shuleni aliniambia, "Mwalimu, mjukuu wangu hajafiwa, wala hana homa. Usiku halali. Hata yeye mwenyewe hajui ana nini." Nilikuwa nimehukumu kabla ya kuchunguza.

Basi, somo la hadithi liendeshwe hivi. Kwanza, someni sura moja kwa sauti, mkomee penye fumbo. Pili, msiulize tu, "Nani mkosaji?" Ulizeni pia, "Msimulizi yu katika hali gani, nawe umeijuaje?" Tatu, kila jibu lifuatwe na ushahidi kutoka kitabuni. Hata hivyo, msimlazimishe mtoto yeyote kueleza huzuni yake mbele ya darasa.

Nanyi wanachuo si mawe. Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Kisorya, husimuliwa na Kazimoto, kijana msomi anayekata tamaa hadi kujiua. Hicho si kitabu cha watoto. Kisomwe na mwalimu, naye ajiulize ni nani angaliweza kuketi na kijana yule kwa wakati. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Mwalimu aliyepatwa nao katika shule ya mbali asione haya kumwambia mwenzake na kwenda hospitali. Kicheko hakiuponyi, lakini aghalabu hufungua mlango wa mazungumzo.

Yule mvulana nilimwomba radhi. Jawabu la fumbo lake sikulipata, bali nilijifunza kumwuliza kwa upole. Nanyi, kabla ya kuandika neno "mvivu" daftarini, chunguzeni kwanza.