Kiwanja kando ya ziwa kinauzwa: unanunua nini hasa?

Ndugu msomaji, kama unaishi Nakivale, au Kyangwali karibu na Ziwa Albert, huenda umeshaambiwa maneno haya: "Kuna kiwanja kizuri, kinatazama ziwa, mwenyewe ana haraka, karatasi zote zipo." Bei ni ndogo ukilinganisha na Mbarara au Hoima mjini. Dalali anasema kuna wateja wengine wawili wanakuja kesho. Wewe una pesa kidogo ya mahindi uliyouza, au ndugu yako aliye nje ametuma msaada. Kwa nini usinunue?

Makala hii haikukatazi kutafuta makao. Inataka ujue, kabla pesa haijatoka mkononi, ni kitu gani unachouziwa. Matapeli wapo, na tutawataja. Lakini hata watu wawili waaminifu wanaweza kukubaliana, wakasaini na kupeana mikono, kumbe wamefanya mapatano ambayo sheria ya Uganda haiyatambui. Siku mmoja wao akifa au akihama, mapatano hayo hayamlindi yeyote.

Kwa nini biashara hii inakua

Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Inasifiwa kwa sababu mkimbizi hafungiwi kambini na hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Nakivale, wilayani Isingiro, imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Watu wameongezeka, ardhi ni ileile. Katika makazi mengi, vipande wanavyopewa wanaofika sasa ni vidogo kuliko walivyopewa waliotangulia. Kipande cha mita 30 kwa 30 kinatosha nyumba, choo na bustani ya mboga, lakini hakiwezi kulisha watoto sita mwaka mzima.

Juu ya hilo, chakula cha msaada kimepungua. Tangu 2023 Shirika la Chakula Duniani, WFP, linagawa msaada kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Mtu asiyepata posho anahitaji shamba, na ardhi ya kando ya ziwa ina mvuto wake: udongo wenye unyevu, maji ya kumwagilia, samaki karibu. Kwa upande wa mwenyeji, karo ya shule na gharama za hospitali humsukuma kuuza. Shida mbili zinakutana, na soko linazaliwa.

Ardhi tatu, sheria tatu

Ukisimama kilimani Nakivale ukatazama chini ziwani, ardhi yote inaonekana moja. Kisheria kuna aina tatu, na kila moja ina jibu lake.

Ya kwanza ni ardhi uliyogawiwa ndani ya makazi. Hii iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na Kanuni zake za 2010 zinampa mkimbizi haki ya kuitumia bure kwa kilimo au malisho, lakini hana ruhusa ya kuiuza, kuikodisha wala kumhamishia mtu mwingine. Familia inayopelekwa Canada au Marekani ikikuambia inakuuzia "nyumba na kiwanja," elewa kwamba haina kiwanja cha kuuza. Ikiondoka, OPM inaweza kumpa mtu mwingine kipande hicho. Mabati, mlango na madirisha ni mali yao, wanaweza kukuuzia na ukayabeba. Udongo chini yake haubebeki.

Ya pili ni ukanda wa ufukwe wenyewe. Katiba ya Uganda, kifungu cha 237, inasema serikali inashikilia maziwa ya asili, mito na maeneo oevu kama mdhamini kwa faida ya raia wote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka majini kwa maziwa makubwa kama Victoria, Albert na Kyoga, na mita 100 kwa maziwa mengine. Kulima au kujenga ndani ya ukanda huo bila kibali ni kosa. Ziwa Nakivale lina ulinzi zaidi, kwani pamoja na Ziwa Mburo liko katika eneo oevu lililotambuliwa kimataifa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa hiyo kile "kiwanja kinachogusa maji" ndicho chenye hatari kuliko vyote, hata muuzaji awe nani. Ziwa nalo lina sheria yake. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda, na watu wa mialoni mingi wakahama wakiacha nyumba zao ndani ya maji. Waliokuwa na karatasi na wasiokuwa nazo walihama pamoja.

Ya tatu ni ardhi ya raia nje ya mipaka ya makazi. Hii inaweza kuuzwa, lakini raia ndiye anayeweza kuinunua moja kwa moja. Katiba hiyohiyo inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Asiye raia, na mkimbizi ni miongoni mwao, anaweza kupata upangaji wa muda tu, usiozidi miaka 99. Ukiwa wa miaka mitano au zaidi, Sheria ya Ardhi inataka uandikishwe. Ugumu unaongezeka pale ambapo mpaka wa makazi wenyewe unabishaniwa, jambo ambalo Nakivale imeliishi kwa miaka mingi. Unaweza kuuziwa na mwenyeji kipande anachoamini ni cha babu yake, kumbe OPM inakihesabu kuwa ndani ya makazi.

Karatasi ya mwenyekiti

Wengi wetu tunatuliza moyo kwa karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, au saini ya kiongozi wa RWC. Karatasi hiyo ina faida: inaonyesha kwamba pesa ilitolewa, lini, na mbele ya nani. Usilipe bila maandishi na mashahidi. Lakini mwenyekiti hana mamlaka ya kumfanya asiye raia kuwa mwenye ardhi, na kiongozi wa RWC hawezi kuruhusu kile ambacho Kanuni zimekataza.

Njia nyingine inayotumika ni kuandika jina la rafiki Mganda. Wewe unalipa, yeye anaandikwa. Hebu fikiri mbele kidogo. Rafiki huyo ni mwema na hatakugeuka. Lakini akifariki, mjane na watoto wake watakuta ardhi yenye jina la baba yao. Watakuuliza wewe ni nani, nawe utajibu nini? Mahakamani utalazimika kueleza kwamba ulitumia jina lake kwa sababu sheria haikukuruhusu kutumia lako.

Kuna na jambo la ndoa. Ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa chakula haiuzwi wala kupangishwa bila kibali cha mke au mume. Kama mwenyeji anakuuzia jioni, kimyakimya, na mkewe hajui, jua kesi imeshaanza kabla hujamaliza kulipa.

Nanyi wenyeji

Ndugu mwenyeji, makala hii ni yako pia. Pesa ya leo inaonekana nyepesi kwa sababu mnunuzi ni mgeni na haulizi sana. Lakini ukichukua pesa ya mtu kwa kitu unachojua huwezi kumpa, sheria inaita hiyo kujipatia fedha kwa udanganyifu. Hata kama nia yako ni njema, ardhi uliyouza nusu inakuwa ugomvi wa wanao. Kumpangisha jirani shamba kwa misimu miwili, kwa maandishi, kunakuletea pesa na ardhi inabaki yako.

Kinachowezekana

Kwa mkimbizi, njia iliyo salama zaidi ni kununua muda wa kutumia ardhi. Sheria ya Wakimbizi inakupa haki ya kuingia mikataba ya upangaji kama wageni wengine. Kodi shamba la raia nje ya makazi, kwa msimu au kwa miaka michache. Kabla ya kulipa, fanya haya:

Tembea mipaka yote ukiwa na muuzaji, majirani na mwenyekiti wa kijiji hicho hicho, wala si wa kijiji cha pili.

Uliza ofisi ya OPM ya makazi kama kipande hicho kiko nje ya mpaka wao.

Uliza ofisi ya ardhi ya wilaya kama kina hati, na kwa jina la nani.

Hakikisha mke au mume wa mwenye ardhi amesaini.

Pima umbali kutoka majini. Ukiwa ndani ya ukanda wa ulinzi, achana nacho.

Andika muda, kodi, mazao ya kudumu kama migomba yatakuwa ya nani, na nini kitatokea mmoja wenu akihama. Maandishi yawe katika lugha ambayo wote wawili mnaielewa.

Lipa kwa awamu, na kila awamu iwe na risiti.

Kwa anayetaka kumiliki kabisa, mlango ni uraia. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema wakimbizi wanaweza kuomba uraia kwa tajinisi wakitimiza masharti, na moja ya masharti ni kukaa nchini jumla ya miaka 20. Ni mlango mwembamba. Anayekuahidi kukupitisha kwa pesa ya siri ni dalali yuleyule kwa sura nyingine.

Serikali na mashirika nao wana la kujibu. Mtu aliyezaliwa Nakivale ana watoto waliozaliwa Nakivale, na bado kipande anacholima ni cha kutumia tu. Kumkatia posho na kumwambia ajitegemee, bila kumwonyesha njia rahisi na ya wazi ya kukodi shamba kwa jirani yake, ni kumsukuma kwenye soko la gizani. Fomu moja ya upangaji, inayotambuliwa na OPM na wilaya pamoja, iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kinyankole na Kinyarwanda, ingezuia kesi nyingi kabla hazijafika polisi.

Mpaka hilo lifanyike, dalali akikupigia tena muulize kwanza: kiwanja hicho ni cha OPM, cha ziwa au cha raia? Kama hawezi kujibu, au anakuambia harakisha, pesa yako iache mfukoni.