BANDU BANDU HUISHA GOGO

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa bandu bandu huisha gogo. Leo nataka kuwaonyesha gogo hilo ndani ya maabara ya leza.

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, leza ilipiga shabaha ndogo yenye hidrojeni nzito kwa nishati ya megajuli 2.05. Viini viliungana kama vinavyoungana ndani ya jua, zikatoka megajuli 3.15. Watu wakashangilia, ati umeme wa bei rahisi umefika mlangoni! Mimi sikubaliani nao. Pigo moja halipiki ugali.

Kituo cha umeme cha aina hii chahitaji mapigo kama 5 kila sekunde. Hebu tupige hesabu: 18,000 kwa saa, 432,000 kwa siku, na zaidi ya milioni 157 kwa mwaka!

Kuna leza ya gesi za kriptoni na florini iliyofikiriwa kwa kazi hii. Gesi hizo huamshwa kwa miale ya elektroni, nayo miale hutoka kwenye kathodi. Kathodi nyingi zilivalishwa mahameli, kitambaa kile kile cha makochi. Nguvu kubwa ya umeme ikitiwa, ncha za nyuzi zake hutoa elektroni vizuri sana. Tatizo ni kuwa kila pigo hula nyuzi hizo kidogo, na gesi hutoka ikachafua nafasi isiyotakiwa kuwa na hewa. Ndipo watafiti wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, waliojenga leza ya Electra ya mapigo 5 kwa sekunde, wakajaribu nyuzi za kaboni na kauri yenye matundu kama sega la nyuki.

Wengine watasema kathodi ni kitu kidogo, tena leza ya Livermore haitumii miale hiyo. Ni kweli. Lakini swali ni lile lile kwa leza yoyote: ni kifaa kipi kitakachochakaa kwanza?

Kwa maoni yangu, anayetafuta kathodi ya kudumu anastahili makofi sawa na aliyevunja rekodi. Sisi wanafunzi wa kutwa twajua: stima ikipotea usiku, kitabu hufungwa. Stima iliyowaka jana haimsaidii mtu leo.