Daftari Lililojaa Si Elimu

Imekita katika nyoyo za wazazi wengi, na hata katika nyoyo za baadhi ya walimu wakuu ambao kazi yao ingewapasa kuijua hakika ya jambo hili, itikadi ya kwamba darasa lililo kimya ndilo linalosoma, na kwamba mtoto ambaye daftari lake limejaa mwandiko safi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ndiye aliyepata elimu. Ilhali yule aliyerudi nyumbani na vumbi magotini, kwa sababu mwalimu aliwatoa wanafunzi nje kupima uwanja kwa kamba, huambiwa kuwa alikwenda kucheza, na mwalimu wake husemwa barazani kuwa ni mvivu. Itikadi hii ni batili, na madhara yake kwa watoto wetu yanazidi ya upungufu wa madawati tunaoulalamikia kila Januari.

Haikuzuka bila sababu. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, walihitaji makarani na wakalimani wa kuendeshea utawala wao, na Waingereza waliofuata walikuwa na haja iyo hiyo. Katika zama zile, kijana aliyeweza kunakili barua bila kukosea herufi alikuwa na bidhaa adimu mkononi mwake. Alipata mshahara, akapata na heshima mtaani, na wazee wetu hawakukosa busara walipotamani watoto wao wafanane naye. Taksiri ni yetu sisi, tunaoendelea kumpima mtoto kwa kipimo cha karani ilhali kazi ile ya kunakili imekwisha kuchukuliwa na mashine. Wala ukimya huu tunaoutukuza hatukuurithi kwa mababu, kwa kuwa katika chuo cha Kurani watoto walisoma kwa sauti, kila mmoja na ubao wake na mahali pake alipofikia, na hakuna mpita njia aliyesikia makelele yale akadhani kuwa hawasomi.

Natutazame somo moja. Mtoto wa darasa la tano katika kijiji cha pwani, tuseme wilayani Pangani au Jambiani, hunakili ubaoni kwamba mwezi huvuta maji ya bahari, kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, akaandika tarehe, akapiga mstari kwa rula, akatiwa alama ya vema kwa wino mwekundu. Baba yake huvua kwa kuyafuata maji hayo hayo, na mama yake hungoja bamvua ili aingie katika shamba lake la mwani. Lakini mtoto huyu hatambui kwamba yale aliyoyaandika ndiyo haya anayoyasikia nyumbani kila siku. Lau mwalimu angewapa wanafunzi wake kazi ya mwezi mmoja tu, wakaandika kila siku saa maji yanapokupwa, wangeona wenyewe kwamba yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho yatachelewa, na keshokutwa yatachelewa zaidi; wangejifunza kutoa saa na dakika kwa sababu wana haja ya kutoa, wangetafuta wastani wakakuta unakaribia dakika 50, na wangegundua kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja katika robo. Hapo hesabu, sayansi na jiografia zingekutana katika kichwa kimoja. Kazi hiyo haidai maabara wala fedha, bali hudai saa na karatasi, na mwalimu asiyeogopa kuulizwa maswali.

Sasa mwite mtoto wa darasa la nne ambaye daftari lake linasema kuwa mita 1 ni sentimita 100, umwambie akadirie urefu wa dawati alilokalia. Usistaajabu akikujibu mita kumi. Ameuandika ukweli bila kuujua, na wino mwekundu umemhakikishia kuwa anaujua. Tangu waanze kazi yao mwaka 2009 na 2010, watafiti wa mradi wa Uwezo waliowapima watoto majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania walikuta, tathmini baada ya tathmini, watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao hawakukosa madaftari, na aghalabu madaftari yao yamejaa.

Najua hoja zitakazoletwa. Patasemwa kwamba tangu elimu bila malipo ilipoanza Tanzania mwaka 2016 zipo shule zenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, na kwamba mwalimu mmoja hawezi kuwatoa nje wote. Ni kweli, na serikali inadaiwa walimu. Lakini watoto mia waliogawanywa katika makundi, kila kundi na vifuniko vyake vya chupa vya kuhesabia, huelewa zaidi kuliko mia wanaokodolea ubao ambao walioketi nyuma hawauoni. Patasemwa pia kwamba mtihani wa taifa hautazami vifuniko. Nao hautazami daftari. Humtazama mtoto peke yake na kile kilichobaki kichwani mwake.

Sisemi kwamba kila kelele ni elimu, wala siwatetei wanaotaka watoto waache kuhifadhi jedwali la kuzidisha, maana asiyejua saba mara nane atakwama katika kila kazi ninayoisifia. Kadhalika si kila kazi ya mkono ni somo. Rais Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi na akili ziende pamoja. Lakini katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, na mtoto alilima pasipo kuulizwa kwa nini mahindi ya upande huu yamenawiri na ya upande ule yamedumaa. Kazi isiyoulizwa swali ni utumishi mtupu, nayo haina ubora wowote juu ya kunakili.

Basi wewe mzazi, mtoto atakaporudi leo usianze kwa kumwambia alete daftari uone. Mwambie akueleze kwa kinywa chake jambo alilojifunza, kisha mwulize amejuaje kuwa ni kweli. Nanyi walimu wakuu na wathibiti ubora, mnapopita madarasani, acheni kuhesabu kurasa. Waulizeni watoto, na kama hawana jibu, msimsifu mwalimu kwa ukimya wao.