Baraza Ndani ya Uzio: Jina la Kiswahili na Biashara ya Makazi ya Kitalii

Wajenzi wa hoteli na nyumba za mapumziko katika mwambao wa Afrika Mashariki hutafuta utambulisho utakaomvutia mgeni bila ya kumkana mwenyeji. Njia inayofuatwa mara nyingi ni nyepesi mno: neno moja la Kiswahili, nembo yenye mlango wa nakshi, basi.

Neno linalopendwa ni "baraza". Kwa Waswahili, baraza ni kikalio cha mawe kilichoshikana na ukuta wa nyumba upande wa njiani. Hapo mwenye nyumba huamkiana na wapitao, hucheza bao, hupata habari za mtaa. Maana ya neno imo katika huko kuelekea njia. Likihamishiwa nyuma ya uzio wenye walinzi, hubaki umbo tu. Na mnunuzi wa nyumba huambiwa kuwa amenunua utamaduni!

Mambo Msiige ni habari nyingine. Jumba hilo la karne ya 19 huko Shangani, Unguja, limekuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt tangu 2015. Jina lake ni tungo yenye kitenzi cha kukataza, nafsi ya pili wingi: majigambo yanayowaelekea watu wa mji wenyewe. Hoteli imelirithi, haikulibuni.

Huenda ikajibiwa kuwa mgeni amelipia utulivu, si mazungumzo ya njiani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini atakaye utulivu asiuite baraza. Na atakaye baraza alijenge nje ya lango, wanakijiji wapate pa kukaa.